Dondoo muhimu: Kabla hujachagua chuo cha ualimu Bukavu

Mlango wa kawaida wa kufundisha shule ya msingi bado ni sehemu ya pedagojia sekondari: miaka 4, mazoezi darasani, kisha diploma ya serikali. Ukiwa nayo tayari, chuo kikuu ni cha kujiendeleza.

Umesoma sehemu nyingine ya sekondari, si pedagojia? Usivutwe na jina la ISP (Institut Supérieur Pédagogique) pekee. Chuo hicho huandaa hasa walimu wa sekondari, kila mmoja na somo lake, ilhali mwalimu wa msingi hubeba masomo karibu yote. Uliza mazoezi ya kufundisha yanafanyika wapi. Kama ni sekondari tu, tafuta mwalimu mzoefu wa msingi akukaribishe darasani kwake. Kwangu hili lina uzito zaidi kuliko ada.

Chuoni utasoma kwa Kifaransa, lakini watoto wa darasa la kwanza wanaanza kwa Kiswahili. Jizoeze kueleza hesabu kwa Kiswahili safi.

Na mshahara: tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ni bure na wazazi hawapaswi tena kuwalipa walimu, hivyo mwalimu asiye na namba ya serikali, yaani asiye kwenye orodha ya mishahara, huumia sana. Kabla hujakubali kazi, muulize mkuu wa shule kama nafasi hiyo inalipwa na serikali.