Elimu ya Afya: Homa, Maumivu ya Ubavu na Macho ya Manjano Visisubiri Kesho

Mkazi wa Kilambo anaposhikwa na homa na kutetemeka, ugonjwa wa kwanza kumjia akilini ni malaria. Fikra hiyo ina msingi, kwa kuwa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya malaria nchini. Hata hivyo, homa inapoambatana na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, na macho yakageuka manjano, huenda chanzo kikawa kingine: mrija wa nyongo ulioziba kwa jiwe na kuingiwa na vijidudu.

Nyongo hutengenezwa na ini, ikahifadhiwa katika mfuko mdogo ulio chini yake, kisha hupita katika mrija hadi kwenye utumbo mwembamba ili kusaidia usagaji wa mafuta. Wakati mwingine huganda ikawa mawe. Watu wengi huishi na mawe hayo bila kuugua. Wanawake, watu wanene, wenye umri mkubwa na wagonjwa wa selimundu huyapata zaidi.

Hatari huanza pale jiwe linapotoka mfukoni na kukwama katika mrija. Nyongo hutuama, vijidudu huzaliana ndani yake, kisha huingia katika damu. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi na kinyesi hupauka. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu ghafla, maisha yake yamo hatarini.

Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, mgonjwa hupewa dripu na dawa za kuua vijidudu bila kuchelewa. Pili, mrija huzibuliwa, kwa sababu dawa peke yake haiondoi jiwe. Njia inayopendekezwa leo ni endoskopia. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi penye mlango wa mrija, akaupanua mlango huo na kulivuta jiwe kwa kikapu kidogo cha waya au puto. Mgonjwa aliyezidiwa huwekewa kwanza kijibomba cha kupitisha nyongo, na jiwe hutolewa baadaye. Njia hii nayo ina madhara yanayoweza kutokea, kama vile kutokwa damu au kuvimba kongosho, lakini huokoa wengi. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 1992, wagonjwa 82 wenye hali mbaya waligawanywa makundi mawili. Kati ya 41 waliotibiwa kwa endoskopia walifariki 4. Kati ya 41 waliopasuliwa walifariki 13.

Huduma hiyo huhitaji wataalamu na mitambo maalumu, nayo hutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Kwa hiyo kila saa inayopotea nyumbani huongezwa juu ya saa za safari. Mgonjwa anayefika mapema zahanati au kituo cha afya huanzishiwa dawa na kupewa rufaa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula hupimwa damu na kupigwa altrasaundi, na madaktari huamua iwapo atibiwe hapo au apelekwe mbele.

Wananchi wanakumbushwa mambo manne:

1. Mgonjwa mwenye dalili hizi afikishwe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama dalili zote tatu hazijaonekana.

2. Kipimo cha malaria kikionesha vimelea, umanjano wa macho bado uelezwe kwa mtoa huduma.

3. Asinyweshwe dawa za miti shamba za "kutoa nyongo," wala mabaki ya vidonge vya zamani.

4. Asindikizwe na ndugu anayejua historia ya ugonjwa wake, wakiwa na kadi ya bima na majibu ya vipimo vya awali.

Jiwe dogo kuliko punje ya korosho laweza kuondoa uhai. Likiwahiwa, mgonjwa hurudi shambani kwake.