Mwanafunzi wa Fildi Akija Kijijini

Kati ya Julai na Septemba vyuo vikuu vingi vya Tanzania huwa likizo ndefu. Lakini wanafunzi wengi hawarudi nyumbani. Wanakwenda kufanya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe husema, "Nipo fildi." Wa ualimu huenda mashuleni. Baadhi ya wale wa sheria na wa ustawi wa jamii hupelekwa kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali yanayotetea haki za watu. Shirika mojawapo la aina hiyo ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995.

Mashirika haya hayatafuti faida. Yanategemea misaada, na wafanyakazi wake ni wachache. Basi mwanafunzi husaidia kupokea watu, kuandika maelezo yao na kupanga majalada. Mara nyingi halipwi mshahara. Wazazi, tuelewane hapo: kijana akisema yuko fildi, hajaajiriwa. Msikae kungoja hela yake. Pengine yeye ndiye anayengoja nauli kutoka kwenu!

Sasa tuseme mama mmoja amefiwa na mumewe. Shemeji zake wanataka shamba. Wanasema mwanamke hana ardhi. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mama anakwenda kuomba msaada kwenye shirika. Mezani anamkuta binti mdogo, umri wa mwanawe, ameshika kalamu. Je, amweleze mambo yake?

Ndiyo, amweleze. Binti yupo kwa kazi hiyo. Ila kwanza amwulize: "Mwanangu, barua yako ya chuo iko wapi? Msimamizi wako ni nani?" Mwanafunzi si wakili. Hawezi kumsimamia mtu mahakamani. Akijibu, "Sijui mama, ngoja nimwulize msimamizi," asimdharau. Sisi tunamwamini huyo kuliko yule anayejua kila kitu.

Binti akimaliza kuandika, atasema, "Weka sahihi hapa." Ngoja kwanza! Hapa ndipo kisomo chako kinapohitajika. Soma yote, polepole, hata kama watu wamepanga foleni nyuma yako. Tazama maneno haya: "shamba la marehemu mume wangu." Halafu tazama haya: "shamba letu, tulilofyeka pamoja mimi na marehemu mume wangu." Hayafanani hata kidogo. Ya kwanza yanaweza kueleweka kuwa shamba lilikuwa la mume peke yake. Ya pili yanaonyesha jasho la wote wawili. Kama ulisema ya pili na binti akaandika ya kwanza, mwambie asahihishe. Hatakasirika, yupo kujifunza. Wala usitie sahihi au dole gumba kwenye karatasi tupu.

Vyeti vyako je? Hatimiliki ya kimila, cheti cha ndoa, cheti cha kifo: acha vivuli tu. Vyeti halisi rudi navyo nyumbani. Mwanafunzi hukaa wiki chache tu, kisha anarudi chuoni, na kesi ya shamba huchukua muda mrefu. Kwa hiyo andika katika daftari lako tarehe, jina la msimamizi na namba ya jalada. Ukirudi umkute mwingine mezani, mpe namba hiyo.

Na fedha? Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaada huu ni bure kwa asiye na uwezo. Ukidaiwa "hela ya faili," mwone msimamizi kabla ya kutoa.

ZOEZI: Andika sentensi tatu kuhusu shamba lako. Lilipatikanaje? Nani walilifyeka? Limepakana na nani? Mpe jirani asome kwa sauti. Je, ameelewa kama ulivyokusudia?