Nani Asimame na Mtoto Mahakamani?

Mtoto anapofika mahakamani, awe mtuhumiwa, shahidi au aliyetendewa ukatili, huzungukwa na watu wazima wenye majukumu yao. Mpelelezi ana jalada, mwendesha mashtaka ana ushahidi, hakimu ana sheria. Anayekosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa kudumu, aliyemfahamu mtoto tangu siku ya kwanza na atakayekuwapo siku ya hukumu. Somo la toleo hili linamhusu mtu huyo: mtetezi wa mtoto anayejitolea.

Pengo hili si la Nyanda za Juu Kusini pekee. Katika miaka ya 1970, Jaji David Soukup wa Seattle, Marekani, alitambua kwamba alikuwa akiamua hatima ya watoto bila taarifa za kutosha kuhusu maisha yao. Mwaka 1977 ukaanza mpango wa wananchi wa kawaida, waliofunzwa, kuwafuatilia watoto hao na kuieleza mahakama hali zao. Kwetu utaratibu ni mwingine, lakini nafasi ya mwananchi ipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Imeanzisha Mahakama ya Watoto, ambamo mashauri husikilizwa kwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwapo. Imekataza pia mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwahudumia wananchi bila malipo. Hao si mawakili, wala hawaendeshi utetezi mbele ya hakimu. Msaada wao kwa mtoto uko katika mambo matatu.

La kwanza ni umri. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 16 aliyekamatwa kwa wizi wa mahindi, akaandikwa kuwa ana miaka 19. Asipotokea mtu wa kulihoji jambo hilo, atashtakiwa kama mtu mzima. Mtetezi hutafuta cheti cha kuzaliwa; kikikosekana, hutafuta kadi ya kliniki, rejesta ya shule au kumbukumbu ya ubatizo, kwa kuwa mahakama inawajibika kuchunguza umri. Hapo karatasi moja huweza kumwepusha mtoto na gereza. Wazazi wakumbuke kwamba mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioingia mkoani Mbeya mwaka 2013, hutoa cheti bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata.

La pili ni tarehe. Kesi huahirishwa, nauli huisha, na kazi za shamba husubiri. Wakati huo ndipo jamaa wa mtuhumiwa hubisha hodi usiku wakiahidi ng'ombe au fedha ili mambo "yaishe nyumbani". Shahidi asipofika, kesi hudhoofika, na aliyemdhuru mtoto hurudi kijijini akiwa huru. Mtetezi hukumbusha tarehe, hufuatana na familia, na hutoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi pale vitisho vinapoanza.

La tatu ni kumwandaa mtoto. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Kumwandaa ni kumweleza nani huketi wapi, na kwamba anaweza kusema, "Sikuelewa swali." Kumkaririsha majibu ni kosa, nako huiharibu kesi yenyewe.

Kazi hii yataka miaka, si siku. Watumishi huhamishwa, mkazi hubaki. Hata baada ya hukumu, mtoto wa Iringa akipelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo mkoani Mbeya, huwa zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Yupo anayepaswa kuwahimiza wazazi wamtembelee, na kuwaandaa majirani wampokee atakaporejea bila kumwita mwizi.

Ndugu mkazi, si lazima uwe mtetezi ili uwajibike. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwone mtendaji wa kijiji au wa kata, afisa ustawi wa jamii au Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, au piga namba 116 bila malipo. Anayetaka kujitolea aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake. Ajiulize kwanza swali moja: je, nitaweza kulitunza jina la mtoto huyu, na kuwapo hadi siku ya mwisho?