Mjomba Anang'oa Mishubiri Mlimani

Mwanangu wa Misungwi,

Umeniandikia kwamba mjomba wako amepokea kianzio kwa mgeni, na sasa magunia ya mishubiri aliyoing'oa miambani yako nyuma ya nyumba yenu. Anasema ni alovera tu, haina mwenyewe. Humwamini, ila ndiye aliyekulipia ada, unaogopa kuitwa mtovu wa shukrani.

Una haki ya kumtilia shaka. Alovera ya bustanini, ile ya sabuni na mafuta, haimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ambao Tanzania iliuridhia 1979. Jamii nyingine zote za mishubiri zimo, na haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Kwa hiyo mgeni anapoita kila kitu alovera, anajilinda yeye. Akikamatwa mtu mlimani na jembe, atakuwa mjomba wako.

Baadhi ya mishubiri ya porini haitoi machipukizi. Huota kwa mbegu, ikangoja miaka kabla ya kutoa ua ambalo ndege chozi hulifuata. Ukiondoa mikubwa, hakuna wa kumwaga mbegu. Kenya ilikamuliwa utomvu wa mishubiri yake hadi amri ya Rais ya 1986 ikazuia uvunaji wa porini. Kusini mwa Afrika, tangu 2019, imekamatwa zaidi ya mimea milioni moja ya majani manene, iliyong'olewa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo. Mingine huota kwenye kilima kimoja tu duniani. Inaniuma sana kuona mkono wa wakusanyaji hao ukifika kwetu.

Usimkabili mjomba mbele ya watoto. Mwombe mama yako au mzee anayemheshimu mkae naye jioni. Anza na ada: mshukuru kwa dhati, kisha mwambie hutaki afungwe. Kianzio kirudishwe, hata kama familia italazimika kuchanga.

Magunia msiyafiche wala kuyachoma. Mshubiri huvumilia wiki kadhaa nje ya udongo, hivyo bado unaweza kuokolewa. Mjomba mwenyewe aende kwa mtendaji wa kijiji kabla hajaitwa, na waombe maofisa wa TFS, wakala wa misitu, wilayani wasimamie upandaji upya. Nawe usirushe picha za kilima hicho WhatsApp, wanunuzi huzitafuta.

Mgeni akipiga simu tena, mjomba asipange naye bei. Aandike namba na ampelekee mtendaji.