Utopia, Nchi Isiyokuwapo

1. Jina la nchi na mtungaji wake

Enyi wanafunzi, mmekwisha kusoma habari za nchi nyingi, mito yake, milima yake, wafalme wake na vita vyake. Katika somo hili mtasoma habari za nchi yenye mji mkuu, mto, bandari, sheria, na historia ya miaka 1760. Lakini hata mkiitafuta katika ramani ya dunia nzima hamtaiona, kwa sababu haikuwako kamwe. Nchi hiyo ni kisiwa cha Utopia.

Mtu wa Afrika ya Mashariki akilisikia jina hili aweza kudhani kuwa U yake ya mwanzo ni sawa na U ya Uganda au ya Unyamwezi. Sivyo. Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza maana yake ni "si", na la pili "mahali". Basi Utopia ni "mahali pasipokuwapo". Tena liko neno jingine la Kiyunani linalotamkwa karibu sawa na hilo, na maana yake ni "mahali pema". Mtungaji alizitaka maana zote mbili.

Mtungaji huyo ni Thomas More, Mwingereza, aliyezaliwa mjini London mwaka 1478, akawa mwanasheria hodari. Mwaka 1515 mfalme wake, Henry wa Nane, alimtuma ng'ambo pamoja na wajumbe wengine kuzungumza habari za biashara. Huko ndiko alikoanza kuandika, na mwaka 1516 kitabu chake kilipigwa chapa katika mji wa Louvain, kwa Kilatini, lugha ya wenye elimu wa Ulaya zamani zile. Katika kitabu hicho asema kwamba alikutana mjini Antwerp na msafiri mmoja, Raphael Hythlodaeus, aliyepata kusafiri baharini pamoja na Amerigo Vespucci, naye akamsimulia habari za Utopia. Vespucci alikuwa mtu wa kweli. Raphael hakuwako, na jina lake la pili maana yake kwa Kiyunani ni kama kusema "fundi wa upuuzi". Asiyejua Kiyunani angesadiki, na aliyekijua angecheka.

2. Sababu ya kuitunga

Msidhani kuwa More alitaka kuchekesha watu tu. Siku zile huko Uingereza manyoya ya kondoo yalikuwa na bei kubwa. Matajiri wakazungushia ua mashamba na malisho ya watu wadogo ili wafuge kondoo, na wakulima wakafukuzwa pamoja na watoto wao. Waliokosa kazi na chakula wakaiba, na mwizi alipokamatwa alinyongwa. Raphael auliza: mbona wezi wanyongwa kila siku, na wizi haupungui? Ajibu mwenyewe kwamba hakuna adhabu iwezayo kumzuia mtu asiyekuwa na njia nyingine ya kupata chakula. Kwanza ampe mtu riziki, ndipo amhukumu.

Kusema maneno hayo waziwazi mbele ya mfalme kulikuwa ni hatari. Kwa hiyo More aliyatia kinywani mwa mgeni. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na habari za nchi ya mbali ili wenyeji wautazame ugonjwa wa nchi yao.

3. Sura ya nchi

Kisiwa cha Utopia kimepinda kama mwezi mwandamo. Katikati upana wake ni maili 200. Pembe zake mbili zimeelekeana, na baina yake pana mlango wa maili 11. Bahari huingia kwa mlango huo, ikawa ghuba kubwa iliyotulia kama ziwa, na ghuba hiyo ni bandari ya nchi nzima. Mlangoni mna miamba na mafungu, na wajuao njia ni wenyeji tu. Juu ya mwamba mmoja pana ngome yenye walinzi. Pwani zimewekwa alama za kuongoza vyombo; adui akija, wenyeji huzihamisha alama, na merikebu zake zikapanda mwamba.

Miji ni 54, yote ina lugha moja, desturi moja na sheria moja. Iliyo karibu sana imeachana kwa maili 24, wala hakuna mji ulio mbali na mwenziwe hata mtu ashindwe kufika kwa miguu siku moja. Mji mkuu ni Amaurot, ulio katikati ya nchi, kando ya mto Anydrus. Maji ya bahari hupanda mtoni na kushuka, na pana daraja la mawe. Msomaji wa London aliutambua mara moja mto wake wa Thames. Njia za mji zina upana wa futi 20, na nyuma ya kila nyumba pana bustani. Milango haina kufuli, na kila baada ya miaka 10 watu hubadilishana nyumba kwa kura, ili mtu asiseme, "Hii ni yangu."

Hapa pia More ameficha mzaha. Anydrus maana yake ni "bila maji", na Amaurot ni kama "mji wa kiza". Hata vipimo vina mtego. Raphael asema kuwa kisiwa kimezunguka kama duara lenye mzingo wa maili 500. Chukueni kalamu mfanye hesabu: duara lenye mzingo huo, kipenyo chake hakifiki maili 160. Basi upana wa maili 200 utaingia wapi?

4. Historia

Zamani nchi hii haikuwa kisiwa, bali ilikuwa rasi iliyoungana na bara, ikaitwa Abraxa. Akaja mtu jina lake Utopus, akaishinda, akawafundisha wenyeji ustaarabu, akaipa nchi jina lake. Kisha akaamuru uchimbwe mfereji wa maili 15 pale rasi iliposhikana na bara, ili bahari izunguke pande zote. Hakuwatia wenyeji peke yao kazini, wasije wakaona kuwa wamedhalilishwa. Aliwachanganya na askari wake mwenyewe. Majirani waliwacheka mwanzoni, lakini kazi ilipokwisha upesi walishikwa na hofu.

Baadaye sana merikebu moja ilivunjika pwani, nayo ilikuwa na Warumi na Wamisri. Wenyeji wakajifunza kwao kila ufundi wenye faida, wakauongeza kwa akili zao. Raphael awasifu kwa jambo hilo, kwani mtu mwenye busara hujifunza hata kwa mgeni aliyetupwa pwani na mawimbi.

5. Serikali

Kila jamaa 30 huchagua mkubwa wao mara moja kila mwaka, naye huitwa sifogranti. Juu ya masifogranti 10 yuko tranibori mmoja. Kila mji una masifogranti 200. Watu wa mitaa minne ya mji hutaja watu wanne, na masifogranti, baada ya kuapa kwamba watamchagua afaaye, humchagua mmoja wao kwa kura ya siri awe mtawala wa mji. Mtawala hukaa maisha yake yote, isipokuwa akishukiwa kwamba ataka kuwa jabari, hapo huondolewa. Kwa mambo ya kisiwa kizima, kila mji hupeleka wazee watatu Amaurot kila mwaka.

Barazani wana desturi moja njema sana: jambo halijadiliwi siku ile ile lililotolewa. Hungoja baraza lijalo. Kwa maana mtu aliyesema kwa haraka hupenda kuyatetea maneno yake kuliko kutafuta faida ya watu wote. Sheria zao ni chache, ili kila mtu azijue, wala hakuna mawakili. Kila mtu hueleza shauri lake mwenyewe mbele ya hakimu.

6. Kazi na mali

Kila mtu, mwanamume na mwanamke, hujifunza kilimo, na juu ya hicho hujifunza ufundi mmoja, kama kufuma, kujenga kwa mawe, uhunzi au useremala. Hufanya kazi saa sita kwa siku, tatu kabla ya chakula cha mchana na tatu baada yake. Saa nane hulala. Saa zilizobaki wengi huzitumia kwa kusoma. Saa sita zatosha, asema Raphael, kwa sababu hakuna kundi kubwa la watu wakaao bure wakila jasho la wenzao.

Fedha haitumiki kati yao. Mkubwa wa jamaa huenda sokoni na kuchukua yale yanayowapasa watu wake, bila kulipa. Na dhahabu je? Dhahabu huifanya minyororo ya watumwa na vyombo vya kuendea haja, na vito huwapa watoto wachezee. Siku moja wajumbe wa nchi nyingine walikuja wamevaa mikufu ya dhahabu ili wawashangaze wenyeji. Watu wa Utopia wakawasalimu kwa heshima watumishi wao waliovaa nguo za kawaida, wakidhani kuwa hao ndio wakubwa. Na wajumbe wenyewe wakawadhania kuwa watumwa, kwa sababu ya minyororo yao. Baada ya siku chache wajumbe walivua mapambo yao kwa haya.

7. Dini

Katika Utopia dini ni nyingi. Utopus aliona kuwa wenyeji walishindwa kwa sababu ya ugomvi wa dini, basi akaweka sheria kwamba kila mtu afuate dini aipendayo, na akitaka kumvuta mwenziwe amvute kwa maneno ya upole. Atumiaye matusi au nguvu hufukuzwa nchini au hufanywa mtumwa. Hata hivyo, asemaye kwamba roho hufa pamoja na mwili hapewi cheo chochote.

8. Mambo ya kupimwa

Wengi wakisoma mpaka hapa husema, "Laiti ningezaliwa Utopia!" Lakini mwanafunzi mwenye akili huuliza pia maswali haya matatu.

La kwanza: Ni nani wachinjao wanyama na kufanya kazi nzito na chafu za jikoni? Ni watumwa. Wengine ni mateka wa vita, wengine ni wahalifu, na wengine ni maskini wa nchi nyingine waliokuja kwa hiari. Kweli, mtoto wa mtumwa si mtumwa. Lakini sisi wa pwani hii, ambapo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuwezi kulipita neno hilo kama tupitavyo jina la mto. Saa sita za mwungwana zahesabiwa kitabuni. Saa za mtumwa hazihesabiwi.

La pili: Je, mtu aweza kwenda atakako? Hawezi bila cheti cha mtawala. Akionekana nje ya mipaka hana cheti, hurudishwa kwa aibu kama mtoro; akirudia, hufanywa mtumwa. Wazee wa Kenya waliolazimishwa kuchukua kipande zamani za ukoloni wangeitambua sheria hiyo.

La tatu: Watu wakizidi kisiwani huenda wapi? Huvuka bara, wakakaa mahali ambapo wenyeji wana ardhi wasiyoilima. Wenyeji wakikubali sheria za Utopia, huishi pamoja. Wakikataa, hufukuzwa, na wakishindana hupigwa vita, na vita hivyo huitwa vya haki. Lakini ni nani aamuaye kwamba ardhi haitumiki? Malisho yaliyoachwa yaote, na shamba lililopumzishwa, kwa macho ya mgeni ni pori tupu. Hoja ya namna hiyo ilitumika katika nchi nyingi, na katika Afrika pia, kuwanyang'anya watu ardhi yao.

More mwenyewe hakutaka tukubali kila neno. Mwishoni mwa kitabu asema kwamba mambo mengine ya Utopia hayakumpendeza, na kwamba mengine mengi ayatamani kwa nchi yake, ingawa hana tumaini la kuyaona.

9. Mwisho wa mtungaji

Mwaka 1529 More alipewa cheo cha Lord Chancellor, cheo kikuu katika serikali ya mfalme. Hakuyafuata yote aliyoyaandika: katika siku zake watu kadha wa kadha walichomwa moto kwa sababu ya imani yao, jambo ambalo Utopus asingaliliruhusu. Mwaka 1532 alijiuzulu. Kisha mfalme akajifanya mkuu wa Kanisa katika Uingereza, akataka watu waape kiapo ambacho More aliona kuwa ni kinyume cha dhamiri yake. Akakataa, akafungwa, na tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa. Mwaka 1935 Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza kuwa mtakatifu.

Basi mtu aliyetunga nchi ambayo haikumwua mtu kwa ajili ya imani yake, aliuawa kwa ajili ya imani yake katika nchi ya kweli. Tusimcheke, wala tusimwabudu. Tujifunze kwake jambo moja: nchi ya kutungwa ni kipimo cha kuzipimia nchi za kweli, lakini kipimo nacho sharti kipimwe. Mtu akiwasifia nchi njema, ya zamani au itakayokuja, msikilizeni kwa adabu, kisha mwulizeni: Kazi chafu hufanywa na nani? Anayetaka kuondoka aweza? Na ardhi ile ilikuwa ya nani?

Maswali

1. Eleza maana mbili za jina Utopia.
2. Kwa nini More alitumia kinywa cha mgeni kuyasema mambo ya Uingereza?
3. Chora kisiwa cha Utopia, uonyeshe ghuba, mlango wake, ngome, mfereji na mji mkuu.
4. Kila sifogranti husimamia jamaa 30. Mji wenye masifogranti 200 una jamaa ngapi? Miji 54 ina jamaa ngapi?
5. Ni faida gani kutojadili jambo siku lilipotolewa? Je, ina hasara yoyote?
6. Tunga nchi yako mwenyewe. Andika sura yake, historia yake na serikali yake. Kisha mpe mwenzako, aipime kwa maswali matatu ya sehemu ya 8.