Kila Namba Ina Mtu Nyuma Yake: Nilivyojiandaa na Mtihani wa Ukaguzi wa Majengo

Nianze na aibu yangu. Semesta ya kwanza ya mwaka wa nne nilipata sapu kwenye somo la ukaguzi wa majengo. Si kwamba sikusoma. Nilipiga msuli kwenye vimbwete mpaka mlinzi wa usiku akanizoea. Desa la mitihani ya miaka mitano nilikuwa nalo, na namba zote zilikuwa kichwani. Nilitoka chumba cha mtihani nikitabasamu. Matokeo yalipotoka, tabasamu likaisha.

Naandika kwa ajili yenu mtakaokaa mtihani huu mwishoni mwa semesta, na kwa wale wanaopanga kutafuta cheti cha ukaguzi baada ya kuhitimu.

Swali lililoniangusha

Swali lilikuwa hivi: unakagua nguzo ya ghorofa ya chini kabla zege halijamwagwa. Nondo kuu ni za milimita 16, na ringi zimefungwa kila baada ya milimita 300. Fundi anakwambia gari la zege liko njiani. Eleza utakachofanya.

Mimi nikaandika: umbali kati ya ringi usizidi mara 12 ya kipenyo cha nondo kuu iliyo ndogo kuliko zote. 12 mara 16 ni 192. Kwa hiyo 300 imezidi. Nikapiga mstari chini ya jibu, nikageuza ukurasa.

Nilipokwenda kumuona mwalimu kuhusu maksi zangu, aliniambia: "Hesabu yako iko sawa kabisa. Ila umejibu kama mpita njia. Gari la zege limeshafika, nguzo imemwagwa, na wewe bado umeshika kikokotoo."

Iliniuma, kwa sababu alikuwa amenisema bila kujua. Nikiwa fildi, baada ya mwaka wa tatu, nilisimama kwenye saiti moja hapa Dar es Salaam siku ya kumwaga slabu. Asubuhi tulichukua sampuli kwenye mchanganyiko wa kwanza, ukiwa mzuri. Jua lilipokolea, zege likawa gumu kusukuma, vibarua wakaanza kuongeza maji, nusu ndoo kwa kila mfuko wa saruji. Piga hesabu mwenyewe. Mfuko wa kilo 50 kwa lita 25 za maji ni uwiano wa 0.5. Ongeza lita 10, unafika 0.7. Zege la namna hiyo linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake, hata zaidi. Na sampuli zetu zilikuwa zimeshatoka kwenye zege la asubuhi, kwa hiyo maabara isingeona chochote.

Niliona yote. Nikamwangalia fundi mkuu, mtu mzima wa umri wa baba yangu, nikanyamaza. Nilijiambia mimi ni mwanafunzi tu.

Wakazi wa jiji hili hawahitaji kuelezwa jengo likianguka inakuwaje. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa liliporomoka katikati ya jiji, watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Chanzo cha kila ajali ni kazi ya waliochunguza, mimi sitakisemea. Ninachosema ni kwamba somo hili lina makaburi, na mimi nilikuwa nalisoma kama jedwali la kuzidisha.

Basi nikajipanga upya kwa ajili ya sapu. Haya ndiyo niliyobadilisha.

Kwanza: iulize kila namba inamlinda nani

Nilichukua daftari jipya. Upande wa kushoto namba, upande wa kulia jibu la swali moja: isipofuatwa, nani ataumia na vipi?

Ringi za nguzo: uzito ukishuka, nondo ndefu hutaka kupinda kuelekea nje kama fimbo unayoikandamiza kwa juu. Ringi ndizo zinazozishika. Zikiwa mbalimbali, nondo inapata nafasi ya kupinda, inapasua zege, na nguzo inaondoka na kila aliye juu yake.

Zege linalofunika nondo: msingi ukimwagwa moja kwa moja kwenye udongo, kanuni za Kiingereza tunazofundishwa zinataka milimita 75. Kwa nini nyingi hivyo? Unyevu na chumvi vikifika kwenye chuma, kinaota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Hivyo zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linabanduka. Pita majengo ya zamani karibu na bahari, angalia chini ya mabaraza, utaona nondo nyekundu zinachungulia. Ndiyo maana mkaguzi anainama kuangalia kama vile vitofali vidogo vya zege, ambavyo mafundi wengine huviita biskuti, vimewekwa chini ya nondo, au nondo zimelala sakafuni.

Dirisha la chumba cha kulala: hili nililipata kwenye kanuni za nyumba za makazi za Marekani. Dirisha la kujiokolea linatakiwa kuwa na uwazi usiopungua inchi 20 kwa upana na 24 kwa urefu, na ukingo wake wa chini usizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Nyuma ya namba hizo kuna mtu aliyelala huku moto uko mlangoni, na zimamoto mwenye mtungi wa hewa mgongoni anayetaka kuingia. Nilipolielewa hilo, niligeuka nikaangalia dirisha la chumba chetu cha kupanga. Grili imechomelewa moja kwa moja, haifunguki. Tunalala wanne.

Na kwa taarifa yako, mtihani wa cheti cha mkaguzi wa nyumba za makazi wa International Code Council kule Marekani una maswali 60 ya kuchagua kwa saa mbili, na unaruhusiwa kuingia na kitabu cha kanuni. Anayekariri hapewi zawadi. Anayejua atafute wapi, na kwa nini, ndiye anayemaliza kwa wakati.

Pili: shika kwa mkono

Jaribio la ulaini wa zege nililijua kwa maneno: koni ya urefu wa milimita 300, jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka lichome mara 25 kwa fimbo ya chuma, nyanyua koni wima bila kuyumba, pima zege limeshuka kiasi gani. Niliomba fundi sanifu wa maabara aniruhusu nilifanye mwenyewe mara mbili, kwanza kwa mchanganyiko sahihi, halafu kwa ule wa nusu ndoo. La kwanza lilishuka kidogo likasimama. La pili lilikaa chini kama uji. Tangu siku hiyo siwezi kusahau.

Halafu nikapeleka michemraba ya milimita 150 kwenye mashine. Zege la daraja la 25 likifika siku 28 linatakiwa kubeba nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Uso wa mchemraba ni milimita za mraba 22,500, kwa hiyo mashine inapaswa kufika kilonyutoni 562.5, sawa na uzito wa tani 57 hivi, kabla haujapasuka. Mlio wake ukiusikia ndipo utaelewa ni kitu gani kinabebwa juu ya kichwa cha mpangaji.

Tatu: jizoeze kusema "simamisha"

Hapa ndipo wengi tunaangukia, darasani na saitini. Jibu la mkaguzi lina sehemu tano: nimeona wapi, nimepima nini, kinachotakiwa ni nini, kifanyike nini, na nani amearifiwa kwa maandishi. Kwenye lile swali la nguzo, jibu lilikuwa: zege lisimwagwe. Ringi ziongezwe mpaka umbali usizidi milimita 192, au mchoro wenyewe ukitaka pungufu, ufuatwe mchoro. Nirudi kukagua kabla ya kuruhusu. Niandike kwenye kitabu cha saiti, msimamizi asaini.

Kuandika ni rahisi kuliko kutamka. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa wanne kimbweteni, mmoja mkaguzi, mmoja fundi, mmoja mwenye nyumba, mmoja dereva wa gari la zege anayepiga honi. Mwenye nyumba analalamika pesa zake zinapotea, fundi anasema kazi hii ameifanya miaka 30. Tulicheka sana, lakini mara ya kwanza mimi sauti ilikwama kweli.

Nilichojifunza ni kwamba heshima haizuii msimamo. Unaweza kusema: "Shikamoo mzee. Naomba tusimame hapa kwanza, ringi hazijatosha. Tuongeze, kisha nitarudi kuangalia." Mzee anayeijua kazi yake ataelewa. Asiyetaka kuelewa ndiye hasa uliyetumwa kwa ajili yake.

Matokeo

Sapu nilifaulu. Nilipata C, maana kwa kanuni za chuo chetu sapu haizidi hapo, na itabaki hivyo kwenye cheti changu. Sina kinyongo nayo.

Lile jengo la fildi limeshakamilika. Watu wamehamia, nguo zinaanikwa kwenye baraza la ghorofa ya pili, chini kuna duka. Daladala yangu hupita hapo, na kila mara nainua macho kutafuta ufa. Mpaka sasa sijauona. Wiki mbili zilizopita nilipiga simu kwa mhandisi aliyenisimamia fildi, nikamweleza nilichokiona siku ile, kisha nikamwandikia. Amesema slabu itapimwa upya.

Wewe usisubiri sapu. Wiki hii chukua desa lako, chagua namba kumi, na mbele ya kila moja andika jina la mtu unayemfahamu anayeishi ghorofani.