Homa ya Ini C na Ujauzito: Faida ya Kupima Mapema

Virusi vya homa ya ini aina ya C vinaweza kukaa mwilini miaka 20 au zaidi bila mwenye navyo kuhisi chochote. Anafanya kazi zake, anashika mimba, anajifungua, na macho yake wala hayageuki manjano. Huku ndani ini linaota makovu kidogo kidogo, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni ini kusinyaa au saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya virusi hivi. Tofauti na homa ya ini B, aina ya C haina chanjo. Dawa yake ipo, lakini kwa kawaida mjamzito husubirishwa mpaka ajifungue, kwa sababu usalama wake kwa mtoto aliye tumboni haujathibitishwa vya kutosha. Ndipo wengi huuliza: kama dawa hatapewa sasa, ya nini kumpima?

Majibu yanabadilisha nini?

Kwanza, yanaipa hofu kipimo chake. Mama 100 wenye virusi hai kwenye damu wakijifungua, watoto 6 hivi ndio huambukizwa; mama akiwa pia na VVU, hatari hiyo hukaribia mara mbili. Watoto walio wengi, basi, huzaliwa salama. Hata hivyo ujauzito wa mama huyu unahitaji jicho la karibu zaidi, maana maambukizi haya yamehusishwa na kujifungua kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na nyongo kushindwa kutiririka vizuri kutoka kwenye ini. Dalili ya tatizo hilo la nyongo ni rahisi kupuuzwa: viganja na nyayo kuwasha sana, hasa usiku, bila kipele chochote. Wengi hudhani ni joto au sabuni. Mjamzito akiwashwa hivyo awahi kliniki, kwa kuwa tatizo hilo linaweza kuhatarisha maisha ya mtoto tumboni.

Pili, mkunga akijua mapema ataepuka yale yanayoweza kuchanganya damu ya mama na ya mtoto, kama vile kutoboa ngozi ya kichwa cha mtoto wakati wa uchungu. Upasuaji hauhitajiki kwa sababu ya virusi hivi peke yake, kwani haujaonyesha kumkinga mtoto. Kunyonyesha kunaruhusiwa, lakini chuchu zikipasuka na kutoa damu, mama asimamishe kwa muda, akamue na kumwaga maziwa hayo mpaka zipone. Mama atajua pia kuliepushia ini lake mzigo: pombe, dawa za mitishamba zisizojulikana, na vidonge vya kujinunulia bila ushauri.

Tatu, mtoto atafuatiliwa ipasavyo. Kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kingamwili kikifanywa mapema kinaweza kuonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Kipimo cha virusi vyenyewe kinaweza kutoa jibu kuanzia umri wa miezi 2. Baadhi ya watoto walioambukizwa hupona wenyewe, na wasiopona wanaweza kutibiwa kuanzia miaka 3. Mama naye, baada ya kujifungua, hupewa vidonge ambavyo kwa kawaida humezwa kwa wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Akipona kabla ya mimba inayofuata, mtoto ajaye hatazaliwa katika hatari hiyo.

Je, majibu hayataleta ugomvi nyumbani?

Hofu hii ina msingi, maana ugonjwa wowote wa damu huamsha shutuma za uzinzi. Lakini virusi hivi huenea hasa kwa damu, na kwa ngono si rahisi. Nchini Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, maelfu kwa maelfu ya wanavijiji walidungwa dawa ya kichocho kwa sindano zilizorudiwa bila kutakaswa vizuri. Walikwenda kutafuta tiba, wakarudi na homa ya ini C. Nchi hiyo hiyo ilipima karibu watu milioni 50 kati ya mwaka 2018 na 2019, ikawatibu waliokutwa na virusi, na leo inatajwa kuwa mfano duniani. Sahani, kikombe na kukumbatiana haviambukizi. Wembe, mswaki na sindano visichangiwe.

Anzeni wapi?

Si kila kliniki hupima virusi hivi bila kuombwa, hivyo ulizeni, hasa kama mama aliwahi kuongezewa damu, kudungwa au kuchanjwa kwa vifaa visivyo safi. Tone la damu la kidoleni hutosha kwa kipimo cha kwanza. Kikionyesha kingamwili, msikate tamaa: baadhi ya watu wameshapona wenyewe, na kipimo cha pili ndicho kinachoonyesha kama virusi bado vipo. Baba naye apimwe. Anayefikiria kushika mimba apimwe kabla, maana wakati huo dawa haina haja ya kusubiri.